Mhasibu wa Nusu Siku: Mwongozo Kamili wa Kupanda Kitaaluma Bila Ajira ya Kutwa

Dar es Salaam imejaa biashara zinazohitaji mhasibu lakini haziwezi kumlipa mhasibu wa kutwa. Duka la vifaa vya ujenzi Magomeni, zahanati ya Mbezi, shule ya msingi yenye mabasi yake mawili, SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya watumishi wa ofisi moja: wote wana mapato, wana watu wa kulipa mishahara na wana ritani (taarifa za kodi) za kupeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, ila kazi ya vitabu haijazi siku sita za wiki. Upande wa pili wapo waliosoma uhasibu ambao kukaa ofisini kutwa hakuwezekani au hawakutaki. Yupo mama mwenye mtoto mchanga, yupo anayeuguza mzazi, yupo kijana anayejiandaa na mitihani ya Bodi ya wahasibu. Pande hizi mbili zinakutana kila siku, na mara nyingi zinakutana vibaya: mwenye biashara anapata mtu wa kumtuma benki, na mhasibu anapata nauli.

Sababu ni kwamba mhasibu kauza saa. Mwenye duka akishanunua saa zako nne atazitumia kwa lolote linalotokea ndani yake, kukaa kaunta, kusimamia lori likishusha saruji, kumfuata mteja anayedaiwa. Miaka miwili inapita, na mtu akikuuliza ulifanya nini pale huna jibu zaidi ya "nilikuwa nasaidia hesabu". Uza mzunguko wa kazi: mwezi unaoanza na risiti na kuisha na ritani iliyopokelewa, wote chini ya jina lako. Mzunguko una mwisho unaoonekana, una mtu wa kulaumiwa na wa kupongezwa, na hauhitaji uwepo wako kutwa. Mwongozo huu wote unatoka hapo.

Hatua ya 1: Ijue kalenda kabla ya kutafuta kazi

Uhasibu wa biashara ndogo Tanzania una tarehe zake, na tarehe ndizo zinazofanya nusu siku iwezekane. Kufikia tarehe 7 ya kila mwezi, kodi ya mishahara ya mwezi uliopita, yaani PAYE, iwe imelipwa, pamoja na kodi ya zuio (ile unayomkata mtu unapomlipa), na SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Tarehe 20 ni ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa aliyesajiliwa. Tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa ni shilingi milioni 200 kwa mwaka. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ya mwezi inapelekwa ndani ya mwezi unaofuata. Mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba kuna awamu za kodi ya makadirio (kodi ya mapato inayokadiriwa na kulipwa kabla mwaka haujafungwa), na anayefunga mwaka Desemba 31 anatakiwa awe ameleta ritani ya mapato kufikia Juni 30.

Ukiziweka tarehe hizo kwenye karatasi utaona mwezi una vilima viwili, siku saba za kwanza na zile za kuelekea tarehe 20. Katikati pana nafasi. Kwa hiyo kosa la kwanza la anayetaka wateja watatu ni kuchukua maduka matatu yenye VAT. Yote yatakulilia tarehe 18. Changanya. Huduma za elimu na za afya zimesamehewa VAT, hivyo shule au zahanati haikusumbui tarehe 20. Mzigo wa shule unakuja mihula inapofunguliwa, Januari na Julai, wazazi wanapolipa ada nusu nusu. SACCOS inataka hesabu za mwaka zifungwe mapema ili mkaguzi aingie, na katikati ya mwaka kazi yake ni ya kawaida: marejesho ya mikopo, akiba, na taarifa zinazoingizwa kwenye MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Duka moja la VAT, shule moja, SACCOS moja: huo ni mchanganyiko ambao mtu mmoja anaumudu na bado akala chakula cha mchana.

Hatua ya 2: Weka karatasi zako sawa

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na sheria hiyo inataka anayefanya kazi ya uhasibu awe amesajiliwa. Kuna daraja la wahitimu wa shahada na kuna la waliofaulu CPA, mitihani ya juu ya Bodi. Jisajili katika daraja lako hata kama bado mitihani inakusubiri. Mwenye zahanati huenda asikuulize, lakini mkaguzi atakayekuja kukagua hesabu zake atakuuliza.

Kuajiriwa kama mhasibu ni jambo moja, kufungua ofisi ya kuhudumia umma ni jingine. Ofisi ya umma inataka CPA aliyeruhusiwa na Bodi kufanya hivyo, na kusaini ripoti ya ukaguzi bila ruhusa hiyo ni kosa. Kumwakilisha mtu mbele ya TRA kama mshauri wa kodi nako kuna usajili wake. (Kadi za "Washauri wa Kodi na Wakaguzi" zilizochapwa steshenari bila usajili wowote ni nyingi mjini, usiongeze yako.) Ndiyo maana kwa anayeanza nashauri awe mwajiriwa wa saa chache katika kila biashara. Unafanya kazi halali, uzoefu unahesabika, na mitihani ya Mei na Novemba unaiendea taratibu.

Kuhusu mitihani, panga masomo kwa kufuata kalenda ya kodi. Mei ni mwezi mgumu kuliko Novemba, maana Machi una awamu ya kwanza ya makadirio na kuanzia Aprili wakaguzi wanataka majedwali kila siku. Mwenye wateja wawili au watatu afanye masomo mazito Novemba, na Mei afanye moja au mawili tu.

Hatua ya 3: Kazi ya kwanza itafute kwa wakaguzi

Watu wengi hubandika matangazo au hupita dukani hadi dukani. Inachosha, na wanaokubali haraka ndio wenye vitabu vibovu zaidi. Njia nzuri ni ofisi ndogo za ukaguzi. Kwa maadili ya taaluma, mkaguzi hatakiwi kuandaa vitabu halafu avikague mwenyewe. Ana wateja wanaomletea boksi la risiti na kumwambia "tutengenezee kila kitu", na anachohitaji ni mtu wa kuwaelekeza. Kuwa mtu huyo. Nenda Agosti au Septemba, wakiwa wametulia. Waambie unafanya vitabu vya biashara ndogo mpaka hatua ya kukaguliwa, na uache mfano wa majedwali yako yenye namba za kubuni: jedwali la mali za kudumu, la wadaiwa, na ulinganisho wa benki (vitabu vyako dhidi ya taarifa ya benki). Mkaguzi akiona ulinganisho wa benki uliokaa vizuri hakusahau.

Chanzo kingine ni mafundi wa EFD, mashine za kutolea risiti za kodi. Wanaingia madukani kutengeneza mashine na wanajua nani anatoa ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) kila jioni na nani ameisahau tangu wiki iliyopita.

Ukiitwa kuonana na mwenye biashara, kabla ya habari ya mshahara omba vitu vitatu: ritani ya VAT au makadirio ya mwisho, ripoti za Z za mwezi mmoja, na taarifa ya benki ya mwezi huohuo. Viweke mezani pamoja. Mauzo ya kwenye Z yakiwa milioni 14 na benki imeingia milioni 31, uliza mbele yake fedha nyingine ilitoka wapi. Pengine ni mkopo, pengine ni fedha ya kaka yake iliyopitia pale, pengine ni mauzo yasiyo na risiti. Jibu lake, na hasa namna anavyolijibu, litakueleza kama hapo ni mahali pa kujenga jina au pa kulipoteza.

Halafu omba kuona boksi. Kila duka lina boksi, mara nyingi la sabuni au la chumvi, chini ya kaunta. Risiti za EFD ni karatasi ya joto, na maandishi yake hufifia. Utachomoa risiti ya dizeli ya Machi ukiwa Agosti na kukuta karatasi nyeupe pee, imebaki alama ya pini tu. Mwenye duka atakuapia kwamba ilikuwa ya laki tatu na nusu, na huenda ni kweli, lakini huna cha kumwonesha mtu wa kodi. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5, na karatasi hiyo haifiki mwaka kwenye joto la Kariakoo. Dawa ni kupiga picha kila risiti siku inapoingia, faili moja kwa kila mwezi, jina la faili lianze na tarehe. Mfundishe karani wa dukani afanye hivyo kwa simu ya duka. Kazi ya dakika kumi jioni inakuokolea siku nzima mwisho wa mwezi, na saa hizo unazookoa ndizo mtaji wako.

Hatua ya 4: Bei

Gawanya bei mara mbili. Kwanza kiporo: miezi iliyopita ambayo haikuandikwa. Hiki kina bei yake na muda wake, na kinalipwa nusu kabla ya kuanza. Usikubali kabisa kiporo kiingizwe kwenye mshahara wa mwezi, maana hakina mwisho na utakifanya usiku. Pili mzunguko wa mwezi, ambao bei yake unaipima kwa vitu vinavyohesabika: risiti ngapi kwa mwezi, akaunti ngapi za benki na za simu, wafanyakazi wangapi, kuna VAT au hakuna. Mwezi wa kwanza jiandikie muda wa kila kazi. Mwezi wa pili utakuwa unajua gharama yako badala ya kubahatisha.

Sakafu ipo kisheria. Amri ya Mshahara inataja kima cha chini kwa kila sekta, na inakitaja kwa saa, kwa siku, kwa wiki na kwa mwezi. Mwajiri akikuambia "wewe ni wa nusu siku, hakuna kiwango", jedwali la saa lipo. Hilo ni la kumzuia mtu asikudharau tu. Bei ya mhasibu anayepeleka ritani kwa wakati iko juu ya hapo.

Hatua ya 5: Mkataba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na malipo. Anayeachwa nje ya takwa hilo ni anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri huyo, si kila mtu wa saa chache. Na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo ina kifungu ambacho watu wa nusu siku wangekikariri. Kinasema mtu atachukuliwa kuwa ni mfanyakazi likiwepo lolote kati ya mambo yanayotajwa hapo, na moja ni kwamba amemfanyia kazi mtu mwingine kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi ndani ya miezi 3 iliyopita. Ni saa 45 kwa mwezi. Anayekwenda siku tatu kwa wiki, saa nne nne, anafika 48. Kwa hiyo hata bosi asiyetaka kuandika chochote, akikuita "kibarua tu", hajajitoa kwenye wajibu wake.

Lakini ubishi wa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi si mahali pa kujengea taaluma. Andikeni mapema. Mambo ambayo mikataba ya saa chache huyasahau ni haya:

Orodha ya kazi kwa jina la matokeo. Usiandike "kusaidia uhasibu". Andika: kuandaa na kuwasilisha PAYE kufikia tarehe 7, kuandaa na kuwasilisha VAT kufikia tarehe 20, ulinganisho wa benki kila mwezi, ripoti ya mwezi kwa mmiliki.

Saa ya ziada. Kikomo cha kawaida cha sheria ni saa 45 kwa wiki. Mkataba wako ni wa 16, je, saa ya 17 inalipwaje? Usipoandika, kila mmoja atakuwa na jibu lake. Wekeni malipo ya saa inayozidi, na sharti kwamba inaombwa kabla.

Likizo. Siku 28 za likizo ya mwaka zinamhusu aliyetimiza miezi sita kazini. Kubalianeni zitahesabiwaje kwa siku zako, na msiiweke tarehe 1 hadi 20 ya mwezi wowote.

Kufanya kazi kwingine. Mikataba ya kunakili ina sentensi inayomkataza mfanyakazi kufanya kazi kwa mtu mwingine. Kwa mtu wa kutwa inaeleweka. Kwako inakufunga mikono. Ifuteni, badala yake wekeni ahadi ya siri: hutatoa bei za wasambazaji, mishahara wala mauzo. Na uiishi. Ukiwa na maduka mawili ya simu mtaa mmoja wa Kariakoo, mapema au baadaye mmoja atakuuliza mwenzake ananunua wapi. Ni afadhali usiyachukue yote mawili.

Hatua ya 6: Kodi yako mwenyewe

Hapa ndipo wahasibu wanapoumia wakati wanawatunzia wengine hesabu. Ukiwa na waajiri wawili, sheria inataka uchague mmoja awe ajira yako ya msingi. Huyo anakukata PAYE kwa ngazi za kawaida. Mwajiri wa pili anakata asilimia 30 moja kwa moja, bila ile nafuu ya shilingi 270,000 za kwanza.

Tuseme duka linakulipa 400,000 na shule 300,000, na kila mmoja anakata asilimia 10 yako ya NSSF. Dukani, ajira ya msingi, kinachotozwa ni 360,000, na kwa ngazi zilizoanza Julai 2021 kodi ni asilimia 8 ya 90,000, yaani 7,200. Shuleni kinachotozwa ni 270,000, na asilimia 30 yake ni 81,000. Jumla umekatwa 88,200. Lakini mapato yako yote kwa pamoja ni 630,000, ambayo kodi yake halisi ni 42,000. Kila mwezi TRA inakaa na 46,200 yako. Kwa mwaka ni 554,400.

Haijapotea. Mfanyakazi wa mwajiri mmoja asiye na kipato kingine halazimiki kupeleka ritani ya mapato, lakini wewe mwenye wawili unapeleka, na humo unadai nafuu ya kilichozidi. Unachohitaji ni uthibitisho wa kodi iliyokatwa na kila mwajiri, na ni vizuri uuombe Januari, kabla faili halijapotea. Na chagua ajira ya msingi iwe yenye mshahara mkubwa. Kama shule ndiyo ingekuwa ya msingi, duka lingekukata 108,000 kila mwezi.

Baadhi ya wenye biashara watakuambia, "tukulipe kama mtoa huduma, tukate asilimia 5 ya zuio, mambo yaishe." Kwa 300,000 ni 15,000 tu, inavutia. Lakini umepoteza likizo na mchango wa mwajiri wa NSSF, na kodi haijaisha: unatakiwa kuleta makadirio yako mwenyewe, na ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo hauhusu huduma za kitaalamu. Tena, ukija saa zilezile chini ya maelekezo yaleyale, karatasi iliyoandikwa "mtoa huduma" haibadilishi ukweli kwamba ni ajira. Njia hii iwe ya kazi zenye mwisho, kama kile kiporo.

Hatua ya 7: Siku, barabara na simu

Chagua wateja walio kwenye njia moja. Anayekaa Kimara achukue Ubungo, Magomeni na Kariakoo, kote mwendokasi inafika. Mteja wa Mbagala na mwingine wa Tegeta ndani ya siku moja ni kazi ya udereva. Omba saa tatu na nusu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana. Unaikwepa foleni kwenda na kurudi, na dukani ndiyo saa ambazo mwenyewe yupo.

Siku ziwe za kudumu. Jumatatu na Alhamisi ni za duka, kila mtu pale azijue. Tatizo la kazi hii ni simu ya "njoo mara moja". Sema tangu mwanzo kwamba siku isiyo yao unajibu ujumbe mara moja, saa kumi jioni, isipokuwa ofisa wa kodi amefika mlangoni. Wiki mbili za kwanza watapima msimamo wako. Ukienda mara ya kwanza kwa sababu ya vocha iliyopotea, umeshauza saa tena.

Hatua ya 8: Namna ya kupanda

Mtu wa nusu siku haonekani. Vikao vinafanyika hayupo, mambo yanaamuliwa jioni, na nyongeza inapogawanywa anakumbukwa mwishoni. Kinachoziba pengo hilo ni karatasi moja kila mwezi, na sijaona kingine kinachofanya kazi hiyo. Iandike kwa Kiswahili cha kawaida, ifike mikononi mwa mmiliki kabla ya tarehe 12: umeuza kiasi gani, umebaki na nini baada ya gharama, nani anakudai na nani unamdai, kodi zipi zimelipwa na namba za malipo, na jambo moja la kuangalia mwezi huu. Moja tu. "Mteja wa nondo hajalipa tangu Juni na bado unampa mzigo." "Umeme umepanda ilhali friji ni zilezile." Mmiliki anayezoea kusubiri karatasi hiyo hakuiti tena mtu wa hesabu. Anakupigia kabla ya kukopa.

Kutoka hapo kuna ngazi. Ya kwanza ni ritani. Ya pili ni ripoti ya mwezi. Ya tatu ni faili la mkopo: benki inataka hesabu zilizokaguliwa, mtiririko wa fedha, orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni, na wewe ndiye unayeweza kuviandaa kwa sababu umeandika kila kitu tangu mwanzo. Ya nne ni kuwa msimamizi wa fedha wa siku mbili kwa wiki, anayekaa na mmiliki kupanga bei na manunuzi, wakati karani wa kutwa anaingiza risiti kwenye programu ya uhasibu kama Tally au QuickBooks. Kila ngazi ina bei tofauti, ingawa saa ni zilezile. Ndiyo maana nasema usikimbilie mteja wa nne. Wateja watatu wa ngazi ya nne ni taaluma, wateja saba wa ngazi ya kwanza ni mbio za sakafuni.

Kupanda kunataka umfundishe karani. Wengi wanaogopa, wanaona atachukua nafasi. Atachukua nafasi ya kuingiza risiti, na hiyo ndiyo unayotaka kuiacha.

Tunza kumbukumbu zako pia. Kila Desemba omba barua ya uzoefu inayotaja kazi kwa matokeo: ritani 12 za VAT, hesabu za mwaka zilizoandaliwa na kukaguliwa, mfumo uliowekwa. Ukisubiri siku ya kuondoka utaandikiwa sentensi mbili. Barua hizo pamoja na mitihani ndizo zitakazokutetea kwa mwajiri mkubwa anayeshangaa kuona hujawahi kufanya kazi ya kutwa.

Mipaka

Fedha ya kodi isipite kwenye simu yako hata siku moja. Toa namba ya malipo, mwenyewe alipe, akutumie uthibitisho. Hata akisema yuko safarini, hata akisema ni shilingi elfu themanini tu.

Usikae na nywila ya mmiliki ya benki. Kwenye mifumo mingine omba uingie kwa jina lako.

Na ukiambiwa kuna daftari la TRA na daftari la nyumbani, ondoka. Wewe ndiye uliyeandaa ritani, na mtu wa saa chache ndiye rahisi zaidi kusukumiwa lawama: "Mhasibu wetu alikuwa anakuja mara mbili kwa wiki, hatujui alifanya nini."

Hatua ya 9: Kuondoka

Utaondoka, ama kwa sababu umepata pazuri zaidi, ama kwa sababu ngazi za pale zimeisha. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28. Toa notisi yako mara tu baada ya tarehe 20, ili mzunguko mmoja kamili ubaki wa makabidhiano. Andaa orodha: ritani zilizopokelewa hadi mwezi gani, madeni ya kodi yaliyobaki na tarehe zake, faili za picha za risiti ziko wapi, nani ana funguo za kabati, salio la kila akaunti siku ya mwisho kama linavyosomeka benki. Mrithi wako akiwepo, mfanye naye mwezi mmoja wa PAYE na VAT yeye akiwa kwenye kiti. Saini orodha na mmiliki, nakala mbili, moja ukae nayo kwa miaka ileile 5. Siku hiyohiyo dai malipo ya likizo uliyolimbikiza na hati ya utumishi, ambayo mwajiri anatakiwa kisheria kukupa ajira inapoisha, na ufutwe jina kwenye mifumo yote ya biashara hiyo kabla hujatoka mlangoni.